Ubeti wa Sifuri

Nilistaafu ualimu nikidhani nimemaliza kuhesabu mizani. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilisimama mbele ya wanafunzi wa sekondari, chaki mkononi, nikigonga ubao kwa kila silabi iliyotamkwa, mpaka vidole vyangu vikazoea kujihesabia vyenyewe hata kanisani. Sikutarajia kwamba uzeeni, hapa Bariadi, ningefundishwa kuhesabu upya. Tena na mjukuu wangu. Tena kwa kuanzia sifuri.

Nayaandika haya kwa washairi wenzangu na wapenzi wa lugha wanaodhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba elimu ya kutengeneza kurasa za tovuti ni pori la wageni lisilo na njia ya Kiswahili. Nimeingia humo hatua chache tu, nami nimekuta ubeti, mshororo na kipande vimenitangulia.

Mjukuu wangu huyu, binti wa mwanangu wa pili, alimaliza kidato cha nne akaja kukaa nami akisubiri matokeo. Ilikuwa Desemba. Majirani walikuwa wakipanda pamba, na katika majira hayo kijana asiye na jembe mkononi huonekana mvivu. Yeye alishinda barazani na kompyuta mpakato kuukuu aliyopewa na mjomba wake, akijifunza JavaScript, lugha ya programu iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995, ambayo hadi leo ndiyo inayoziwezesha kurasa za tovuti kutenda jambo badala ya kukaa kimya kama karatasi. Masomo yote aliyoyapata kwenye intaneti yalikuwa kwa Kiingereza. Kiingereza chake si kibaya, lakini ni kile cha kujibia mitihani: anajua kulitamka neno na kuliandika bila kosa, na bado asijue limebeba nini.

Siku moja alinijia na daftari langu la mashairi. Nilikuwa nimelihifadhi katika sanduku la bati, nikasahau kwamba bati nalo hutoboka. Mchwa walikuwa wamekula pembe za kurasa, na katika baadhi ya mishororo walikuwa wamekula utao wote wakaacha ukwapi.

“Babu,” akaniambia, “shairi hili moja niruhusu nilitengenezee ukurasa wa tovuti. Mchwa hawafiki huko.”

Shairi lenyewe lina beti kumi na mbili. Nililitunga mwaka 1983, nikiwa mwanachuo katika Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kwa ajili ya mwanachuo mwenzangu niliyekutana naye tukipalilia shamba. Enzi hizo za Elimu ya Kujitegemea, jembe lilikuwa sehemu ya masomo. Washairi wa pwani huanza tungo zao kwa jina la Mola. Mimi, kijana wa bara ninayetoka Bariadi, wakati huo ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, nilianza kwa jina la mchumba. Baadaye mchumba huyo alikuwa mke wangu, mama wa wanangu na bibi wa binti huyu. Alifariki miaka minne iliyopita. Ubeti wa kwanza ni huu:

Ua la pamba natunza, lililochanua jana,
Msimu ulipoanza, shambani tukakutana,
Ndiwe uliyenifunza, mizani ya kulingana,
Kwa jina lako naanza, mengine yafuatana.

Mshororo wa pili una historia yake. Mwanzoni niliandika “Msimu wetu ulianza”, nikahesabu mizani nane na kuridhika. Nilimpa asome. Alihesabu kwa vidole, akarudia, akaniambia bila haya kwamba ukwapi wangu una mizani tisa. Nilibisha. Kwa sikio langu la Kisukuma “msimu” lilikuwa na silabi mbili, si na mu. Akanionyesha kwamba ile m ya mwanzo, ijapokuwa haina irabu, inasimama peke yake na kudai mizani yake: m-si-mu, tatu. Kosa langu lilikuwa la moja tu, nalo lilikuwa mwanzoni kabisa, mahali ambapo sikuona kitu cha kuhesabiwa. Nawaomba mlikumbuke kosa hilo, maana litarudi.

Basi mjukuu wangu akaanza kazi. Alichofanya kwanza ni kile ambacho mwanagenzi yeyote angefanya. Katika programu, ukitaka kuhifadhi kitu unakipa jina, mfano wa kasha lililobandikwa karatasi. Akatengeneza kasha akaliita ubeti1, akatia humo ubeti. Akatengeneza la pili akaliita ubeti2. Na kuendelea hadi ubeti12. Kisha ilimpasa kuiamuru kompyuta mara kumi na mbili: onyesha ubeti1, onyesha ubeti2, onyesha ubeti3. Nilipomuuliza angefanyaje kama shairi lingekuwa utenzi wa beti mia tano, alicheka, halafu akanyamaza. Alifungua somo linalofuata na kurudi kwangu na neno moja la Kiingereza.

“Babu, hili kwa Kiswahili ni nini?”

Nilimwomba anieleze kazi ya kitu hicho kabla sijakipa jina, kwa kuwa huwezi kumpa mtoto jina hujamwona. Akaniambia ni kasha moja lenye vyumba vingi vilivyopangwa kwa mfuatano. Vyumba vyote vina jina moja la pamoja, ila kila kimoja hutambulishwa kwa namba ya mahali kilipo.

Nilifikiria “orodha”. Ni neno zuri, lakini orodha hutukumbusha vitu zaidi kuliko mahali pa vitu. Nilifikiria “mkusanyiko”, nikaliacha, kwa sababu watu waliokusanyika sokoni Somanda hawana mpangilio wowote. Nikafika kwenye “safu”. Tuna safu ya milima, safu ya wanajeshi, safu ya ulinzi katika kandanda. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na ndilo Waislamu walitumialo kwa mistari ya waumini wanaposwali. Katika safu kila mmoja ana mahali pake, na waweza kumtaja mtu kwa mahali hapo hata kama humjui jina: yule wa tatu kutoka mlangoni. Tayari watumiaji wa majedwali ya kompyuta kwa Kiswahili wana safu wima na safu mlalo. Nikamwambia: ni safu. Baadaye niliona kwamba wengine nao wamelichagua neno hilo hilo, nikafurahi kuwa sikupotea peke yangu.

Akaandika safu yake ya kwanza. Kwa mfano alitumia mishororo ya ubeti ule ule:

let ubeti = [
  "Ua la pamba natunza, lililochanua jana",
  "Msimu ulipoanza, shambani tukakutana",
  "Ndiwe uliyenifunza, mizani ya kulingana",
  "Kwa jina lako naanza, mengine yafuatana"
];

Tusiogope maandishi haya. Neno la mwanzo, let, ni amri ya kuunda kasha. Linalofuata, ubeti, ni jina tulilolichagua sisi, na mashine haijali kama ni la Kiswahili au la Kichina. Mabano ya mraba ndiyo kuta za safu: linafunguliwa moja mwanzoni na kufungwa moja mwishoni. Ndani yake kuna vipengele vinne, kila kimoja kimewekwa katika alama za kunukuu kwa sababu ni maneno, na kimetengwa na mwenzake kwa mkato. Mshairi anayejua kwamba mkato hutenga vipande vya mshororo hana la kushangaa hapa.

Safu hubeba namba vilevile. Karani wa chama cha ushirika anayepokea pamba ya wakulima wanne angeweza kuandika:

let kilo = [85, 120, 64, 97];

Namba hazihitaji alama za kunukuu. Akitaka jumla, anaiamuru kompyuta ipite kwenye safu kutoka mwanzo hadi mwisho na kujumlisha, itampa 366. Wakulima wakiwa mia nne, amri ni ile ile, wala haiongezeki hata neno. Hiyo ndiyo faida kubwa ya safu: urefu wa maelezo yako haufuati wingi wa vitu ulivyo navyo. Washairi tunaifahamu faida hii kwa jina jingine. Anayeijua kanuni ya tarbia, yaani mishororo minne ya mizani kumi na sita, nane kwa nane, hahitaji kanuni mpya kwa kila ubeti. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, hakuandika sheria za ubeti wa kwanza, halafu za ubeti wa pili. Aliandika sheria, nasi tukazipitisha katika beti zote.

Jioni moja mjukuu aliniita kwa furaha. Beti zote kumi na mbili alikuwa amezitia katika safu moja aliyoiita beti, na ukurasa ulikuwa tayari. Nilivaa miwani. Shairi langu lilikuwa limekaa katikati ya kioo, herufi safi, bila tundu la mchwa. Nilisoma mshororo wa juu kabisa, kisha wa pili, kisha nikarudi juu.

“Bibi yako hayumo,” nikamwambia.

Hakunielewa. Alihesabu beti kwa kidole: kumi na moja, na mwishoni kabisa, mahali pa ubeti wa kumi na mbili, palikuwa na neno moja la Kiingereza lenye maana ya kitu kisichoainishwa. Shairi lilianza na ubeti wa pili. Ule wa kwanza, wenye “kwa jina lako naanza”, ulikuwa umetoweka, na badala yake chini kabisa pameandikwa kwamba hapana kitu. Mtu mwingine asingegundua, maana ubeti wa pili nao waweza kusimama kama mwanzo. Mimi niligundua kwa sababu yule aliyetoweka ndiye aliyefanya shairi liwepo.

Tulilitafuta kosa pamoja, mimi nikiuliza na yeye akijibu, kama zamani darasani, ila mwalimu alikuwa yeye. Amri aliyoitoa ilikuwa hii:

for (let i = 1; i <= beti.length; i++)

Alinifafanulia. Herufi i ni namba inayobadilika, mfano wa kidole kinachotembea juu ya safu. Neno length lina maana ya urefu, na urefu wa safu hii ni 12. Kwa hiyo amri inasema: weka kidole kwenye moja, endelea maadamu namba ya kidole haijazidi kumi na mbili, kila ukimaliza, sogea mbele hatua moja.

“Mbona ni sahihi?” nikauliza. “Moja hadi kumi na mbili.”

“Nilisahau, Babu. Walisema safu huhesabiwa kuanzia sifuri. Ubeti wa kwanza namba yake ni sifuri, na wa kumi na mbili namba yake ni kumi na moja. Nilipoomba namba kumi na mbili, hapakuwa na kitu.”

“Na kwa nini wahesabu kuanzia sifuri?”

“Hawakusema. Wewe wajua, Babu?”

Sikujua. Nikamjibu kwa jibu ambalo nalionea haya hadi leo: “Ndivyo ilivyo. Kariri tu.”

Niliwahi kulisema neno hilo mara ngapi katika miaka yangu ya kazi? Mwanafunzi akiuliza kwa nini m inahesabiwa mizani, kariri. Akiuliza kwa nini mshororo wa tatu huitwa mleo, kariri. Uso wa mjukuu wangu ulifanya kile ambacho nyuso nyingi zilifanya mbele yangu: uliitikia kwa adabu na kufunga mlango. Alirekebisha amri yake, ubeti ukarudi, akanishukuru. Lakini nilijua kwamba kesho angelirudia kosa lile, kwa kuwa jambo lililokaririwa bila sababu huondoka na usingizi.

Usiku nilikosa raha. Nilikuwa kitandani redio ilipotangaza saa, na hapo ndipo wazo liliponijia.

Tuitazame saa yetu. Tunaposema ni saa moja asubuhi, je, hiyo ndiyo saa ya kwanza ya mchana? Hapana. Saa ya kwanza ya mchana imekwisha kupita. Ilianza kulipopambazuka, na kengele ya saa moja ndiyo inayotutangazia kwamba imekamilika. Mtu aliyeamka dakika kumi baada ya mapambazuko yumo ndani ya saa ya kwanza, lakini saa zilizopita kwake ni sifuri. Hali kadhalika mtoto wa miezi sita yumo katika mwaka wake wa kwanza, ila ukiulizwa umri wake kwa miaka kamili, hana hata mmoja. Kumbe tuna hesabu mbili tunazozitumia kila siku bila kugombana nazo: moja inataja mpangilio, ya kwanza, ya pili, ya tatu; nyingine inataja umbali kutoka mwanzo.

Namba ya safu ni ya umbali. Asubuhi nilimchukua mjukuu hadi shamba la jirani, tukasimama njiani mbele ya matuta.

“Ili ufike tuta la kwanza, unavuka matuta mangapi?”

“Hakuna.”

“La pili?”

“Moja.” Akanyamaza kidogo. “La kumi na mbili, kumi na moja.”

Sikuhitaji kuongeza neno. Ndivyo kompyuta inavyofanya kazi tangu lugha kongwe kama C: inajua mahali safu inapoanzia, na namba unayoitaja ni hatua za kusogea kutoka pale. Kwa kipengele cha kwanza hakuna hatua ya kusogea. JavaScript ilirithi desturi hiyo. Mwaka 1982 Mholanzi Edsger Dijkstra, mmoja wa magwiji wa taaluma hii, aliandika waraka mfupi akiitetea. Hoja yake moja inampendeza mtu wa mizani: ukianza na sifuri na kuishia chini ya urefu, tofauti ya mipaka yako miwili ndiyo idadi kamili ya vitu ulivyo navyo. Ndiyo maana amri iliyorekebishwa ni hii:

for (let i = 0; i < beti.length; i++)

Kidole kinaanza kwenye sifuri na kinakwenda maadamu namba yake ni pungufu ya kumi na mbili. Alama mbili tu zimebadilika. Moja imemrudisha aliyepotea mwanzoni, nyingine imemwondoa asiyekuwepo mwishoni.

Wapenzi wa lugha, hapa ndipo nilipogundua kwamba Kiswahili kilikuwa kimelisema jambo hili siku nyingi. Hatusemi “mshororo wa moja”. Twasema wa pili, wa tatu, wa nne, lakini aliye mbele ya wote tunamwita “wa kwanza”, na kwanza si namba, ni ku-anza. Wazee wetu walipoipa majina mishororo ya tarbia, ule wa juu waliuita mwanzo, kisha wakafuata mloto, mleo na kituo. Mwanzo nao ni kuanza kule kule. Lugha yetu imemweka aliye mbele nje ya hesabu, kwa sababu yeye ndiye hesabu inakopimiwa.

Najua mtanikumbusha “mosi”, na tarehe mosi, na Jumamosi. Vema, tuziangalie siku za juma. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano: kila moja yaweza kusomwa kama umbali wake kutoka Ijumaa. Ijumaa yenyewe haina namba. Ndiyo tuta tunalosimamia. Halafu inakuja Alhamisi, neno la Kiarabu lenye asili ya “tano”, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu kwa Jumapili kama siku ya kwanza. Ndiyo sababu juma letu lina siku mbili za tano zinazofuatana, Jumatano na Alhamisi. Hakuna aliyekosea. Ni hesabu mbili zilizoanzia mahali tofauti, kisha zikakutana katika kinywa kimoja. Mwanaprogramu anayechanganya namba ya mpangilio na namba ya umbali amefanya kile ambacho juma letu limekifanya kwa karne nyingi, ila juma halipotezi siku yoyote, naye hupoteza ubeti.

Na neno sifuri nalo lina yake. Limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya tupu. Tumezoea kuliona kwenye karatasi za mitihani, wino mwekundu, alama ya aibu. Mimi mwenyewe nimewaandikia wengi. Mjukuu wangu aliposikia kwamba bibi yake amewekwa katika nafasi ya sifuri, uso ulimbadilika kidogo. Nikamwambia kwamba sifuri hii haisemi bibi yako si kitu. Inasema kwamba kumfikia yeye hakuna safari.

Tangu siku hiyo tumeendelea kidogo kidogo. Amenionyesha kwamba safu yaweza kubeba safu nyingine ndani yake. Shairi ni safu ya beti; ubeti ni safu ya mishororo; mshororo ni safu ya vipande viwili, ukwapi na utao. Ukilipanga hivyo, waweza kuandika shairi[0][3][1], ukimaanisha ubeti wa mwanzo, mshororo ulio hatua tatu kutoka juu, kipande kilicho hatua moja kutoka kushoto. Mashine itakujibu: “mengine yafuatana”. Nilifurahi kupita kiasi. Kumbe istilahi zetu za ushairi, ambazo wanafunzi wangu walizilalamikia kuwa mzigo, ni anwani kamili. Kila neno katika shairi lina mtaa, nyumba na chumba chake.

Kuna jambo moja ambalo wanaoanza wanapaswa kulishika mapema. JavaScript haikemei. Tulipoomba ubeti ambao haupo, haikupiga kelele wala haikusimama. Ilituletea lile neno la kisichoainishwa na kuendelea na kazi yake. Tulipouacha ubeti wa kwanza, haikuuliza kwa nini. Mashine haijui kama shairi limetimia. Inahesabu ulichoiambia ihesabu, kuanzia ulipoiambia ianzie. Kwa hiyo, kila mara unapopita katika safu, mkague wa kwanza na wa mwisho kwa macho yako mwenyewe. Walio katikati kwa kawaida hujitunza. Wanaopotea ni wale wa pembeni, kama kurasa za daftari langu.

Nina ombi kwa wasomaji. “Safu” nimeipendekeza na nitaitetea. “Kipengele” chafaa kwa kila kimoja kilichomo. Lakini namba ya umbali tuiiteje? “Fahirisi” na “faharasa” zimezoeleka kwa orodha za mwishoni mwa vitabu. “Namba ya nafasi” ni ndefu, tena haisemi lolote kuhusu umbali. Mimi nimekuwa nikiiita “hatua”, kwa ajili ya yale matuta: kipengele kilicho hatua sifuri, kilicho hatua moja. Sidai kwamba ndilo neno sahihi. Tuliwahi kupewa “ngamizi” na “tarakilishi”, na watu wa huku kwetu wakaendelea kusema kompyuta. Neno hushinda kwa kutumika. Ninachotamani ni kwamba mtoto wa Bariadi, Maswa au Meatu anayejifunza haya apewe jina analoweza kulifikiria, asipewe la kulikariri tu. Mwenye neno bora alilete, nami nitaifuta “hatua” yangu.

Mwishoni mwa Januari, siku chache kabla hajaondoka, mjukuu aliniomba ruhusa ya kuongeza ubeti wake katika shairi. Amri ya kuongeza kipengele mwishoni mwa safu hutumia neno la Kiingereza lenye maana ya kusukuma, beti.push, naye alicheka sana kwamba amri hiyo ililetwa Usukumani ilikostahili. Nilimwambia kwamba katika Kisukuma “sukuma” ni kaskazini, hivyo asiwalaumu wenyeji. Nikausoma ubeti wake. Vina vilikuwa sawa. Mshororo wa tatu ulikuwa na mizani tisa katika utao. Alikuwa ameihesabu “mtu” kuwa silabi moja.

Nilimwonyesha ile m. Akahesabu kwa vidole, akarudia, akabisha kidogo, kisha akarekebisha na kuusukuma ubeti wake ndani ya safu. Sasa shairi lina beti kumi na tatu. Wa kwake ni wa mwisho na namba yake ni 12, yaani kutoka alipo bibi yake hadi alipo yeye ni hatua kumi na mbili.